Mara Nane Tulielewana

Jumatatu, 10 Machi. Mbita.

Nimefika. Chumba ni kidogo, na mlango haufungiki mpaka uuinue kwa goti, lakini kina dirisha na meza. Nitakuwa hapa mpaka mvua za masika ziishe. Kazi ni ya Jumanne nane: asubuhi naenda Lambwe kwa pikipiki, jioni narudi. Shirika la Tone limenipa boksi la vifaa: karatasi kubwa, kalamu nene, gundi, donge la uzi wa katani na chupa tupu kumi na mbili. Mwenye nyumba alipoyaona hayo aliniuliza kama nimekuja kufungua chekechea.

Sikumlaumu. Hata mama yangu hajui kazi yangu ni nini. Mimi ni mwezeshaji. Nawakalisha watu kwenye duara na kucheza nao michezo ya kuwaza mpaka jambo gumu liwe lao wote, si la wasomi wawili walioketi mbele. Sifundishi, nauliza. Na katika maduara yangu hakuna anayebaki nyuma. Kama hakuna wa kunisifu, acha nijisifu mwenyewe humu ndani.

Jumanne, 11 Machi.

Siku ya kwanza, na nimeanza kwa kuchekwa. Niliambiwa tukutane “soko”. Nikamwambia wa pikipiki anipeleke sokoni, akanishusha penye vibanda vya nyanya. Kumbe kwa Kijaluo soko ni chemchemi. Kijaluo changu ni cha kuuzia ndizi: nimekulia Awendo kwenye kibanda cha mama, najua salamu, bei na matusi mawili. Nilipofika nimechelewa, mama mmoja mrefu mwenye ufagio mkononi alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. “Nyar Kisii,” akasema, yaani binti wa Kisii, “soko yetu haiuzi nyanya.” Kijiji kizima kilicheka, nami nikacheka, na kazi ikawa nyepesi kuanzia hapo.

Huyo ni Mama Filister. Ni mjane, miaka sitini na kitu, na ndiye hufagia chemchemi ya Nyasoko kila msimu wa kupanda kama mama mkwe wake alivyofanya. Ana kijiti chenye alama za kisu anachokitumbukiza majini kuona kina. Ndiye pia anayenitafsiria.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna watu wanataka kuanzisha shamba kubwa la miche ya miwa huku chini bondeni, na wanataka maji ya chemchemi hii. Kabla ya lolote kuamuliwa, Tone imeniajiri niwasaidie wanakijiji waelewe maji yao yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na bomba likiwekwa nini kitabadilika. Niliwaambia waziwazi, na Mama Filister akarudia kwa Kijaluo: hapa hatuamui kitu, tunaelewa tu. Willis alikuwa amesimama kando yangu, akatikisa kichwa kukubali.

Willis ni afisa wa Tone anayesimamia mradi. Tumefanya kazi pamoja miaka sita. Mume wangu Mochama alipofariki, Willis alikuja Awendo akakaa siku tatu, akapanga viti, akapokea wageni, akasimama nami kaburini. Sina kaka. Nikiulizwa nitamtaja yeye.

Tulicheza mchezo wa uzi. Mmoja akawa mvua, mwingine kilima, mwingine chemchemi, ng’ombe, mahindi, mtoto wa shule, shamba la miche. Uzi ukapita mkono kwa mkono mpaka duara lote likafungamana. Kisha nikamwambia aliye shamba la miche avute. Watu arobaini walisikia uzi ukiwabana vidole kwa wakati mmoja.  Ni kwa ajili ya wakati kama ule naipenda kazi hii.

Wakati wa kufunga, Willis alinivuta pembeni. Aliniambia nisiwaulize kama wameelewa, watajiona wanapimwa kama watoto. “Waulize, ‘Wawinjore?’ Hiyo ni tumeelewana kwa lugha yao. Wataitika kwa raha.” Nikauliza. Wakaitika kwa sauti moja: Wawinjore! Nikarudi Mbita nikilirudia lile neno njia nzima.

Jumanne, 18 Machi.

Jua kali. Tulichora ramani ya bonde chini kwa majivu na punje za mahindi. Kijiti cha Mama Filister: alama tatu. Wawinjore.

Jumanne, 25 Machi.

Mvua imeanza, na udongo mweusi wa Lambwe umenionyesha cha mtema kuni. Pikipiki ilizama mpaka kwenye mhimili, nikatembea nimebeba boksi kichwani. Tulijaza chupa mchanga, mkaa na majani, tukamwaga maji ya tope juu na kungoja. Mzee mmoja aliyenuna wiki mbili zote alipiga magoti kutazama tone la kwanza safi likitoka chini, akasema kitu kwa Kijaluo. Mama Filister akanitafsiria: kumbe maji tunayokunywa leo ni mvua iliyonyesha enzi za marehemu baba yake. Nikaandika hayo kwenye karatasi kubwa, nikasahau kabisa nilichokuwa nimepanga kusema.

Willis anapiga picha nyingi. Anasema wafadhili wanapenda picha.

Wawinjore? Wawinjore!

Jumanne, 1 Aprili.

Tulipanga mawe kuonyesha miaka. Kila mtu aliweka jiwe penye mwaka chemchemi ilipokaribia kukauka. Mawe yaliangukia mahali pamoja bila mtu kuelekezwa. Alama tano. Wawinjore.

Jumamosi, 5 Aprili.

Sabato. Nilienda kanisani hapa Mbita, nikasinzia wakati wa mahubiri.

Jumanne, 8 Aprili.

Hii lazima niiandike vizuri maana nina hakika sijawahi kuendesha siku nzuri kama ya leo.

Mvua ilituingiza ndani ya kanisa lao, na humo tukabadilishana nafasi. Mchungaji wa ng’ombe akawa mhandisi wa bomba, kijana wa pikipiki akawa ng’ombe, na Mama Filister akawa mwekezaji wa shamba la miche. Ni zoezi gumu. Mtu hawezi kumpinga mwenzake vizuri mpaka aweze kusema hoja za mwenzake vizuri kuliko mwenyewe anavyozisema. Mama alikataa kwanza. Alisema mdomo wake hautakubali. Nikamwomba koti Willis, nikamvalisha Mama kwa mikono yangu, nikamfunga vifungo, nikamwambia: sasa wewe si Filister, wewe ni mwenye koti.

Masalale! Alisimama mbele ya watu, akaweka mkono mmoja mfukoni, akaongea dakika kumi. Ajira. Barabara ya lami. Vioski viwili vya maji safi barabarani. Chemchemi ikizungushiwa ua haitakanyagwa tena na ng’ombe. Aliongea vizuri mpaka wengine wakaanza kupiga makofi bila kukusudia. Alipovua koti akasema sasa anajua watakuja na maneno gani, na anajua pa kuwakatia. Kisha akawaonyesha hoja moja baada ya nyingine inavyovuja: lami itapita wapi, ajira ni ya miezi mingapi, na kioski kikifungwa Jumapili mtu anywe nini.

Hiyo sehemu ya pili Willis hakuipiga picha. Alikuwa amekwenda kupokea simu. Naandika tu jinsi ilivyokuwa.

Wawinjore? Waliitika mpaka bati la kanisa likalia.

Jumanne, 15 Aprili.

Mafuriko. Wamekuja kumi na tisa. Tumekaa chini ya bati tukisikilizana kwa kupiga kelele. Alama tisa. Wawinjore.

Jumapili, 20 Aprili. Awendo.

Pasaka. Nimekuja kumwona mama. Trela za miwa zimechimba barabara yote, na mama amehamisha kibanda chake hatua tano nyuma asichafuliwe ndizi. Miguu inamsumbua lakini mdomo ni mzima. Nilikaa naye akiuza. Mteja mmoja, mama wa Kijaluo, alibishana naye bei ya mkungu karibu robo saa, akaenda, akarudi, mwisho akasema, “Wawinjore,” na mama akajibu “Wawinjore,” akafunga mkungu kwa kamba na kumtwisha. Nikacheka. Nikamwambia mama hilo ndilo neno langu la kazini. Mama akasema hata yeye ndilo lake, miaka arobaini sasa. Neno likishatoka, alisema, hakuna kurudi nyuma, ndizi si zako tena.

Kesho narudi Mbita.

Jumanne, 22 Aprili.

Zoezi la kusimama: anayeona faida asimame upande wa mlango, anayeona hasara upande wa madhabahu, asiyejua abaki katikati, na kila mmoja aeleze kwa nini. Katikati palijaa, na hilo halinisumbui. Mtu asiyejua na anayejua kwamba hajui amefika mbali.

Nilipofika mwisho neno lilinikwama kidogo. Nilikumbuka mkungu wa mama. Nilitaka kumuuliza Mama Filister wao hulisikiaje neno hili, lakini wingu lilikuwa limetanda tena na kila mtu alitaka kuwahi nyumbani. Wakawa wananingoja niseme. Nikasema. Wakaitika.

Jumanne, 29 Aprili.

Ya mwisho. Walinipikia nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na Mama Filister akanipa kuku aliyefungwa miguu kwa uzi wangu mwenyewe wa katani. Nililia mbele ya watu. Watu wanne walisimama kueleza chemchemi nzima, kuanzia kilima mpaka bomba, bila mimi kuwasaidia hata neno. Mzee wa mvua ya baba yake alisema sasa akija mtu na karatasi atamkalisha chini kwanza amfundishe. Tukaandika majina kwenye fomu ya mahudhurio, wasioandika wakaweka kidole gumba, nami nikatia sahihi chini kama mwezeshaji, kama wiki zote.

Alama kumi na moja. Maji yamefika kwenye jiwe la juu.

Wawinjore. Mara ya nane.

Jumanne, 6 Mei.

Naandika ripoti. Siku inaisha saa nane mchana bila Jumanne yangu.

Jumanne, 20 Mei. Homa Bay.

Niandike kwa mpangilio, nisiruke kitu.

Nilipeleka karatasi kubwa ofisini kwa Tone. Willis hakuwepo. Katibu wao, Valentine, alifurahi kuniona. Ana hati ya kuchapa, akasema, na Kiswahili chake ni cha kutafuta; nimsomee makosa kabla haijaenda kwa mashine. Nikaketi, nikachukua kalamu nyekundu.

Juu imeandikwa HATI YA MAELEWANO. Jamii ya Nyasoko, kwa upande mmoja, na shamba la miche kwa upande wa pili. Chemchemi izungushiwe ua. Maji yaende shambani miaka ishirini na mitano. Jamii ipewe vioski viwili barabarani. Kisha sentensi hii, ambayo nimeinakili neno kwa neno: “Jamii ilieleweshwa mradi katika mikutano minane, na mwisho wa kila mkutano wote kwa kauli moja walitamka kwamba wameelewana.” Nyuma zimeambatishwa fomu nane za mahudhurio. Nane. Kila moja ina vidole vyao juu na sahihi yangu chini.

Ukurasa wa tatu una picha. Mama Filister amevaa koti, mkono mmoja mfukoni, mdomo wazi. Chini yake: “Kiongozi wa akina mama akieleza kwa nini jamii inaunga mkono mradi.”

Valentine aliniuliza kama kuna makosa. Nikamwambia hakuna. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kalamu nyekundu nimeondoka nayo, imo humu kwenye mkoba.

Jumatano, 21 Mei.

Nimeonana na Willis. Nilimkuta kibandani anakula samaki, akanisogezea kiti, akaniagizia chai kabla sijasema lolote. Hivyo ndivyo tulivyo. Hivyo ndivyo tulivyokuwa.

Nikamuuliza alijua lini. Hakujifanya haelewi, na hilo nampa. Alisema alijua tangu mwanzo. Shamba la miche ndilo linalolipa Tone msimu huu, na linataka karatasi kabla ya Julai. Alisema watu wa Nyasoko hawangekubali kamwe kama wangeulizwa moja kwa moja, maana hawajawahi kukubali kitu, na kwamba vioski viwili ni vingi kuliko walivyo navyo leo.

“Uliwauliza mara nane, Mokeira, wakaitika mara nane. Mimi nimeandika tu.”

Nikamwambia niliwaambia siku ya kwanza kwamba hatuamui kitu, na yeye alikuwa amesimama kando yangu.

“Hiyo hakuna mahali imeandikwa,” akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema akiondoa mwiba wa samaki mdomoni.

Nilitaka kummwagia chai. Nilichoshindwa kuvumilia si hati, ni lile neno. Alinifundisha yeye, pembeni, akinisaidia, kwa sauti ileile aliyotumia kunionyesha pa kusimama siku ya kumzika Mochama. Alikuwa ameshalichagua. Alinitia mdomoni neno la kuuzia, nikalipeleka kwa watu nikitabasamu.

Aliniambia nikitulia kutakuwa na kazi nyingine Migori mwezi wa nane. Chai nilimlipia mimi. Sikutaka kuwa na cha kumshukuru.

Alhamisi, 22 Mei.

Nitaenda Nyasoko kesho.

Ijumaa, 23 Mei.

Mvua. Sikwenda. Haikuwa mvua kubwa.

Jumapili, 25 Mei.

Nimesoma shajara hii tangu mwanzo. Imeandikwa. Tarehe 11 Machi imeandikwa, hapa hatuamui kitu. Nilifurahi kiasi cha kusimama. Kisha nikaendelea kusoma mpaka Pasaka, nikaketi.

Neno likishatoka ndizi si zako tena. Niliandika hivyo kwa mkono wangu. Nikarudi nikauliza tena mara mbili.

Jumatatu, 26 Mei.

Sikwenda.

Jumatano, 28 Mei.

Wamenitangulia kwa sababu nimeketi hapa kama mjinga. Jared, mtoto wa Mama Filister, dereva wa trekta za miwa kule Awendo, amenipigia simu. Wapimaji wamekuja Nyasoko wakapigilia vigingi vyekundu kuzunguka chemchemi, na hati imebandikwa kwa chifu kwa siku za pingamizi, na picha ya mama yake imo. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nilijua. Nikamwambia nilijua tangu wiki iliyopita. Akakata simu.

Alhamisi, 29 Mei.

Nimekwenda. Barabara imekauka, hakuna cha kusingizia tena.

Mama Filister alikuwa chemchemini peke yake. Siku hizi ni za kufagia baada ya mvua, na kwa kawaida wanakuja wanawake kumi au zaidi. Hawakuja. Wanasema amevaa koti la watu wa miwa. Mzee wa mvua ya baba yake amepita mbele yake njiani bila salamu. Ameishi hapo miaka arobaini na mbili, na sasa wanamwita Mama Koti.

Nilianza kumweleza juu ya Willis, juu ya hati, juu ya Valentine. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyojua kueleza. Aliniacha niishe. Kisha akatoa kwenye fundo la leso ile picha, ameichana kutoka kwenye ubao.

“Nani amevaa hii koti?” akaniuliza. “Mimi. Sikatai. Na ni nani alinivalisha?”

Nilimwambia ni mimi.

“Ulinifunga hata vifungo,” akasema.

Kuku wake yu hai bado, nimemwacha na mwenye nyumba Mbita. Nilitaka kumwambia hivyo, kama kwamba ingesaidia kitu. Niliondoka nikapita katikati ya vigingi. Nilikichukia kila kimoja, nikamchukia Willis, na nilipofika barabarani nikaanza kujichukia mwenyewe kwa zamu.

Jumanne, 3 Juni.

Jared ameandika pingamizi. Amenitumia ujumbe wa mstari mmoja: kikao tarehe 17, Homa Bay, kuja na chochote ulicho nacho.

Nilicho nacho ni daftari hili.

Jumatatu, 9 Juni.

Willis amepiga simu. Amesikia nitakuja. Anasema njia iko rahisi: niseme tu sikujua neno lile lina maana mbili, mimi ni Mkisii, hakuna atakayenilaumu. Anasema tena ananionea huruma. Niliweka simu mezani ikaendelea kuongea yenyewe.

Baadaye nilielewa alichokuwa anataka. Nikisema sikujua, basi kosa ni la sikio langu peke yangu. Wao walisikia lugha yao, wakajibu kwa lugha yao, na hati inasimama.

Jumanne, 17 Juni. Homa Bay.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wenye feni isiyozunguka. Watu wa Nyasoko walikuja kwa lori, wakaketi upande mmoja. Mama Filister aliketi mwisho kabisa, na kulikuwa na viti vitatu vitupu kati yake na wenzake. Msikilizaji wa pingamizi alikuwa mwanamke wa makamo, Bi. Jedidah, mwenye miwani shingoni na sauti ya chini.

Jared aliongea. Mzee aliongea. Willis akaongea kwa adabu, akaonyesha fomu nane. Bi. Jedidah akawauliza watu wa Nyasoko: mlitamka neno hili au hamkutamka? Wakasema walitamka. Akawauliza lina maana gani. Mmoja akasema ni kuelewana. Mwingine akasema ni kukubaliana. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na nikamwona Willis akitulia kwenye kiti.

Nikaomba kusema. Nikainua daftari, nikasema nimeandika kila kikao siku hiyohiyo. Willis akasimama.

“Madam, huyu dada ni Mkisii. Hii neno yeye hajui vile sisi tunaisikia.”

Bi. Jedidah akaniambia nisome. Nikasoma tarehe 11 Machi yote: soko na nyanya, uzi, hatuamui kitu, Willis akitikisa kichwa, Willis akinivuta pembeni. Nikasoma tarehe 8 Aprili, koti na vifungo, na Mama alivyozitoboa zile hoja baada ya kulivua. Watu wawili walimgeukia kumtazama. Kisha nikafunga daftari.

“Usinirukie kurasa,” akasema Bi. Jedidah. “Soma yote.”

Ningeweza kuipita. Ni ukurasa mmoja, na mwandiko wangu hausomeki na mtu mwingine. Nilimtazama Mama Filister, naye alikuwa anatazama mikono yake. Nikasoma Pasaka. Nikasoma mkungu, na kamba, na mama yangu akisema hakuna kurudi nyuma. Nikasoma tarehe 22, neno lilivyonikwama, na wingu, na kwamba nilisema hata hivyo. Mtu upande wa Nyasoko alitoa sauti ndogo, nusu ya kicheko.

Bi. Jedidah aliniuliza: kwa hiyo ulijua?

“Nilijua,” nikasema. “Bwana Willis alijua tangu mwanzo, mimi nilijua tangu Pasaka, na tuliendelea kuwauliza. Wao walikuwa wanajibu kwamba wameelewa. Sisi tulikuwa tunafunga mkungu.”

Aliandika muda mrefu. Mwisho akasema swali lenye maana mbili haliwezi kuzaa jibu lenye maana moja, na hati hiyo ameiweka kando. Wenye shamba wakitaka maji waanze upya, waulize waziwazi, na asiwe mwezeshaji huyu. Watu walipiga makofi. Hawakunipigia mimi, nami sikutegemea. Willis alipita mlangoni bila kunitazama. Mara ya kwanza kwa miaka sita sikujua asubuhi amekula nini.

Jumamosi, 21 Juni.

Sabato. Nimefunga mizigo. Boksi la Tone nimemwachia Valentine, pamoja na kalamu yake nyekundu.

Jumanne, 24 Juni.

Ni Jumanne, basi nilikwenda Nyasoko. Sikuitwa.

Vigingi vimeng’olewa, mashimo yake bado yapo. Wanawake wanne walikuwa wamerudi kufagia, pamoja na Mama Filister. Waliniitikia salamu, wakasogea pembeni na mafagio yao. Kijiti kilikuwa kimesimamishwa majini: alama saba, maji yanashuka kama yanavyoshuka kila Juni.

Nilimwambia Mama bila mpangilio wowote. Nilimwambia nilikuwa mwoga wiki nzima na yeye akatukanwa wakati mimi nimeketi. Nilimwambia sikutaka kumuuliza juu ya neno lile kwa sababu jibu lingeniharibia kazi niliyokuwa naipenda. Nilimwambia naomba msamaha, na kwamba si lazima anipe leo. Hakuacha kufagia mpaka nilipomaliza.

Kisha akainama, akachota maji kwa kibuyu, akanipa kwa mikono miwili kama mgeni. Nikanywa yote. Yalikuwa baridi.

“Nimekuelewa, mwalimu,” akasema.

Nilingoja. Akapokea kibuyu, akakisuuza, akakiinamisha juu ya jiwe kikauke, akarudi kwa wenzake. Mimi sikumuuliza kama tumeelewana.